Krediti 131, Shahada Bado: Hesabu Isiyokubali ya Renae Vanderploeg

Saa moja na robo asubuhi, Renae Vanderploeg anapanga bilauri sita mezani, anajaza kila moja maji ya Mto Mississippi yaliyochotwa dakika kumi zilizopita, kisha anazitilia shabu, dawa ya kuzamisha tope, kwa bomba la sindano. Ya kwanza anaitilia kidogo, ya pili anaizidishia, hivyo hivyo mpaka ya sita. Anawasha mashine. Vijiti sita vinaanza kukoroga kwa pamoja.

Ni Februari. Kingo za mto zimeganda, na maji ya baridi ni mabishi kwa shabu. Baada ya dakika ishirini, tope la bilauri ya nne limeshikana madonge na kuzama. Katika nyingine bado linaelea. Renae anaandika namba daftarini, anakwenda kwenye ukuta wa mitambo na kurekebisha pampu. Kwa saa kadhaa zijazo, watu elfu kumi na nane wa mji wa Marne Bluff, jimbo la Iowa, watakunywa, wataoga na kupikia maji yaliyosafishwa kwa namba hiyo.

Kisha anaketi, anavaa miwani ya kusomea na kufungua ukurasa mwingine kwenye kompyuta. Ni ripoti yake ya masomo kutoka chuo kikuu cha jimbo. Mistari ya kijani imejaa kioo kizima. Chini kabisa kuna myekundu michache, na wa mwisho unasema: Sayansi yenye maabara, haijatimizwa.

"Soma hapo," anasema, akigonga kioo kwa kalamu. "Sina maabara. Sasa hivi nimekaa wapi? Jikoni?"

Renae ana miaka 46. Amesafisha maji ya mji huu kwa miaka ishirini, na leseni yake ya jimbo ni ya daraja la nne, ambalo ndilo la juu kabisa. Analipwa dola 29 na senti 40 kwa saa. Tarehe 30 Juni msimamizi mkuu wa mtambo, Lyle Oehler, anastaafu, na siku hiyo hiyo ndiyo mwisho wa kupokea maombi ya kazi yake. Mshahara ni dola 96,000 kwa mwaka. Nafasi hiyo haijawahi kuwa wazi tangu Renae aajiriwe, na atakayeipata huenda akaikalia mpaka Renae naye azeeke.

Tangazo linataka leseni ya daraja la nne. Anayo. Linataka uzoefu wa miaka kumi. Anao mara mbili. Linataka pia shahada ya kwanza "ya fani yoyote". Ukiwa na shahada ya ngoma, unafaa. Ukiwa na shahada ya historia ya Ugiriki, unafaa.

Lyle mwenyewe hana shahada. Sharti hilo liliongezwa mwaka 2014, miaka kadhaa baada ya yeye kukikalia kiti.

Shahada ambayo Renae anaitafuta inaitwa Shahada ya Masomo ya Jumla. Vyuo vingi vya nchi hii vina ya namna hiyo, kwa ajili ya watu wazima walioanza masomo zamani wakaachia njiani. Haina fani kuu. Mtu huleta krediti zake, yaani vipimo vya kozi alizomaliza, kutoka kokote alikosoma, chuo huzijumlisha, naye humalizia zilizobaki. Kipeperushi alichopewa Renae mwaka 2016 kina picha ya mama anayecheka mbele ya kompyuta, na maneno: "Unyumbufu wa kweli."

Inahitaji krediti 120. Renae anazo 131.

"Nielezee hesabu hiyo," anasema. "Mimi huishi kwa hesabu. Nikikosea nukta moja, mji mzima unaharisha. Nielezee mia na thelathini na moja inakuwaje ndogo kuliko mia na ishirini."

Maelezo yapo, na yako wazi kabisa, jambo linalozidi kumkera.

Krediti 40 za mwanzo alizipata kati ya 1997 na 1999, katika chuo kidogo ambako alikuwa akisomea ualimu wa muziki. Mwaka 1998 bei ya nguruwe ilianguka mpaka mfugaji akawa analipia kuwalisha zaidi ya anachopata kwa kuwauza. Baba yake aliuza mifugo yote, kisha mashine, kisha nusu ya shamba. Renae alirudi nyumbani na kuanza kazi ya kuoka mikate katika duka la vyakula.

Nyingine 60 ni za chuo cha jamii, chuo cha miaka miwili cha hapa mjini, alikosoma ufundi wa maji kidogo kidogo akiwa tayari ameajiriwa mtamboni. Chuo kikuu kimempa 28, na tatu zaidi kwa uzoefu wake wa kazi. Jumla, 131.

Ndipo makato yanapoanza. Chuo cha jamii kilizikataa kozi zake za zamani za uandishi na takwimu kikamtaka azirudie. Akazirudia. Chuo kikuu kikazikubali za zamani na za marudio, kisha kikasema somo moja halihesabiwi mara mbili. Sita zikaondoka.

Krediti za ufundi nazo zina kikomo cha 18. Yeye anazo 27, zikiwemo zile tatu za uzoefu. Tisa zikaondoka.

Zinabaki 116.

"Mia na kumi na sita," anasema Duane Kessel kutoka upande wa pili wa chumba, bila kuinua macho kwenye gazeti. "Kila akihesabu zinapungua. Profesa, acha kuhesabu kabla hujarudi chekechea."

Duane ana miaka 58 na ndiye fundi mwenzake wa zamu. Amekuwa akimwita Profesa tangu siku alipoanza kusoma, na Renae hajawahi kucheka wala kumkataza.

"Mzee Duane, wewe ndiye mtu wa mwisho mwenye haki ya kunishauri kuhusu krediti," anamjibu.

"Naam, naam. Lile jambo la pini."

"Ndiyo. Lile jambo la pini."

Chuo kikuu hiki, kama vingine, hutoa mwongozo wa masomo kila mwaka, na mwanafunzi hufungwa na mwongozo wa mwaka alioingia. Sheria zikibadilika baadaye, hazimhusu, mradi asikatize masomo. Akikaa mwaka mzima bila kusajiliwa, mwongozo wake unakufa, na akirudi anaanza upya chini ya ule mpya.

Renae aliingia kwa mwongozo wa 2016. Mwongozo huo uliruhusu krediti 30 za ufundi. Ulitaka krediti 33 za kozi za ngazi ya juu, na Renae anazo 33 kamili. Sayansi ulitaka, ila neno maabara halikuwemo.

Mwaka 2019 mto ulifurika. Kuanzia Machi mpaka Juni mafundi wa mtambo walifanya kazi saa kumi na mbili kwa siku, magunia ya mchanga yakiwa yamepangwa hadi usawa wa madirisha. Masomo hayakuwezekana. Baada ya maji kupungua, kazi ya kukarabati mitambo ilikula mwaka uliobaki.

Duane, ambaye binti yake alikuwa amemaliza chuo, alimpa ushauri: chukua chochote cha krediti moja, hata mchezo, ili jina lako lisifutwe. Ushauri huo ulikuwa sahihi. Watu wengi wa huku hufanya hivyo. Wapo waliolinda mwongozo wao kwa kozi ya kunyoosha viungo, wengine kwa kuimba katika kwaya ya chuo Jumatatu moja baada ya nyingine.

Renae alichagua mchezo wa kuviringisha tufe na kuangusha pini za mbao, bowling. Ulikuwa Alhamisi saa kumi alasiri, katika ukumbi ulio umbali wa mitaa miwili kutoka mtamboni. Duane alikwenda naye kumsindikiza, na mara nyingi alimshinda. Renae alipata alama A.

Kozi ile ilikuwa ya chuo cha jamii. Mwongozo uliohitaji kulindwa ulikuwa wa chuo kikuu.

"Mimi nilisema uchukue kozi," anasema Duane. "Sikusema uende wapi."

"Ulinipeleka kwa gari lako!"

"Nilikupeleka kucheza. Mambo ya usajili sikuyajua. Ungeniuliza, ningekwambia sijui."

Aliporudi chuo kikuu mwaka 2020, alisajiliwa chini ya mwongozo mpya, na hakuna aliyemwambia. Aliendelea kuchukua kozi moja moja kwa kufuata karatasi aliyopewa 2016, ambayo alikuwa ameibandika ndani ya mlango wa kabati lake la kazini. Novemba iliyopita, akiamini kuwa amemaliza, alilipa ada ya kuhitimu na kumwalika mama yake. Siku nane baadaye ripoti ilirudi na mistari minne myekundu.

Kwa mwongozo wa zamani, Renae angekuwa na shahada tangu Desemba. Kwa mwongozo mpya alipungukiwa jumla ya krediti, kozi moja ya ngazi ya juu, krediti mbili za kusoma hapo hapo chuoni, na maabara.

Aliandika rufaa kurasa mbili, akiambatanisha cheti cha ule mchezo. Jibu la kamati lilikuwa na sentensi mbili. Ya pili ilisema kozi hiyo "haikuwa usajili wa chuo hiki".

"Sasa angalia," anasema Renae, akishuka na kidole kwenye ripoti mpaka mstari wa katikati. "Hii hapa. Mchezo wa pini, krediti moja, imekubaliwa. Wameihesabu! Iko ndani ya zile mia na kumi na sita. Kwa hiyo nilicheza, wanakubali nilicheza, wamenipa krediti ya kucheza. Ila wakati nacheza sikuwepo."

Mstari ule ni wa kijani.

*

Saa sita mchana, siku ya Jumatano, Renae anafungua chombo cha supu nzito ya nyama na maharage yenye pilipili, anaweka pembeni yake mkate wa mdalasini, na kumpigia Tobias Akers. Tobias ni mshauri wa masomo wa chuo kikuu. Ana miaka 29 na wanafunzi 412.

"Bi Renae, habari za mto?"

"Mto hauna matatizo, kaka. Mto ukitaka kitu, unakionyesha. Nyie mmefikia wapi?"

Tobias anacheka kwa uchovu. Tangu Novemba ameandika barua pepe 37 kwa niaba ya mwanafunzi huyu, kwa hesabu yake mwenyewe. Ndiye aliyegundua kwamba kozi moja tu ya ngazi ya juu, ikichukuliwa chuoni hapo, ingefuta mistari miwili myekundu kwa mpigo na kumfikisha 119. Renae anaisoma sasa kwa mtandao. Ni kozi ya sheria za ardhi na mito, na anasema ni nzuri.

Ilibaki krediti moja, na ilibaki maabara. Maabara ya kemia ni krediti moja. Kwa mara ya kwanza tangu Novemba, hesabu ilikuwa inakubali.

"Shahada hii huwa nawaeleza watu kwa mfano wa karamu ya kanisani, ile ya kila familia na chungu chake," Tobias anaeleza. "Pakua unachotaka. Lakini kuna mama kasimama mwisho wa meza, na hakuruhusu kuondoka na sahani ya keki tupu. Lazima uwe na mboga."

"Mboga ninazo, Tobias. Nimezilima mwenyewe. Mama yenu anasema si mboga kwa sababu nimezileta kwenye ndoo."

Anachokisema kina ushahidi. Kemia aliisoma mwaka 1998 katika chuo cha kwanza, mihadhara peke yake. Wakati huo maabara ilikuwa ya hiari na saa zake ziligongana na mazoezi ya kwaya. Alichagua kwaya. Baadaye, katika chuo cha jamii, alisoma kozi mbili zilizofanyika maabara mwanzo hadi mwisho, za kupima maji, lakini zimeandikishwa kama ufundi, hivyo hazihesabiki kuwa sayansi.

Ikabaki njia ya uzoefu. Chuo humruhusu mtu mzima kuandika kitabu cha ushahidi wa anachokijua kutokana na kazi na kuomba krediti. Renae aliandika kurasa 64. Aliweka daftari za vipimo, leseni, na picha za vyombo. Alieleza anavyopima klorini, ugumu wa maji na chembe za madini ya risasi, na kwa nini.

Alipewa krediti tatu. Idara ya sayansi haishiriki katika mpango wa krediti za uzoefu, kwa hiyo kitabu kilisomwa na idara ya ufundi, na idara ya ufundi haiwezi kutoa krediti isipokuwa za ufundi. Za ufundi zilikuwa zimeshafika kikomo. Krediti tatu zikaandikwa kwenye ripoti, kisha zikakatwa siku hiyo hiyo.

"Hakuna aliyekosea," anasema Tobias, na inaonekana ameshalisema mara nyingi. "Hilo ndilo gumu. Ningempata aliyekosea, ningempigia simu. Kila sheria ukiiangalia peke yake ina maana. Hatutaki mtu alipwe mara mbili kwa somo moja. Hatutaki mtu ahitimu bila sayansi. Zikikaa pamoja ndipo zinamla mtu kama Renae."

"Usiniongelee kama marehemu, bado niko kwenye simu," Renae anasema.

*

Chuo cha jamii cha hapa kinafundisha maabara ya kemia kila muhula. Mwalimu wake ni Ruthanne Bloom, mwanamke mrefu wa miaka sitini na kitu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kushindana na feni ya kutolea moshi. Renae alimfuata Januari kumwomba nafasi katika maabara pekee, bila mihadhara, kwa kuwa mihadhara anayo tangu 1998.

Mwalimu Bloom hakuhitaji kuelezwa Renae ni nani. Kila Aprili huwapeleka wanafunzi wake wa maabara kwenye mtambo wa maji kujifunza jaribio la bilauri sita. Anayewafundisha siku hiyo, kwa miaka tisa sasa, ni Renae Vanderploeg. Wanaandika ripoti, na ripoti ile ni asilimia kumi ya alama zao.

"Nilimwambia, mwenzangu, wewe nitakufundisha nini?" Mwalimu Bloom anakumbuka. "Nipe karatasi nitie saini twende zetu."

Alitia saini. Mfumo wa usajili ukakataa. Maabara na mihadhara vimefungwa pamoja, na kuvifungua kunahitaji kibali cha ofisi. Siku ya mwisho ya kuomba kibali ilikuwa tarehe 15 Januari. Renae alikuwa akisubiri jibu la rufaa yake ya pili chuo kikuu, ambamo aliomba kazi yake ya mtamboni ihesabiwe kuwa maabara. Jibu lilifika tarehe 17. Lilikuwa hapana.

Kwa hiyo alisajiliwa kwa vyote viwili. Amelipa kwa krediti nne ili apate moja. Nyingine tatu ni mihadhara ile ile ya 1998, na zitakatwa mara tu zitakapofika chuo kikuu, kwa sababu somo moja halihesabiwi mara mbili. Hawezi kuiacha mihadhara: akiiacha, maabara inafutika pamoja nayo.

Duane alipoelezwa, aliweka gazeti chini kwa mara ya kwanza.

"Subiri. Unalipia kitu wasichokihesabu, ili wakuruhusu kulipia kitu unachokifanya kila siku hapa kwa mshahara?"

"Ndiyo."

"Na mji huu ndio unakulipa ufanye."

"Ndiyo, Duane."

"Basi mimi ningerudi kwenye pini."

Jumanne ya wiki iliyopita, saa kumi na nusu alasiri, Renae yuko maabara ya chuo cha jamii akiwa bado na viatu vya kazi. Wanafunzi wengine kumi na wanane wana umri wa kuwa watoto wake. Kazi ya siku ni kupima ugumu wa maji ya bomba: unadondosha dawa tone kwa tone mpaka rangi nyekundu igeuke buluu, kisha unapiga hesabu.

Maji ni ya bomba la chuo. Renae ameyasafisha yeye asubuhi.

Anamaliza kwa dakika kumi na moja. Anaandika jibu na kuinua mkono.

"Sawa kabisa," anasema Mwalimu Bloom akitazama karatasi. "Kaa."

"Nimemaliza, mwalimu."

"Najua umemaliza. Krediti ya maabara ni saa mbili na dakika hamsini kila wiki. Ukitoka sasa ni mahudhurio pungufu, na mahudhurio pungufu mara tatu ni kufeli. Kaa, mama. Sikuandika mimi."

Renae anakaa. Kijana wa meza ya pili anamuuliza kwa sauti ya chini kama jibu lake ni sahihi. Renae anaitazama bilauri ya kijana, si karatasi.

"Umepitiliza. Rangi yako ni ya buluu ya jana. Ukiona zambarau, punguza mwendo. Mimina, anza upya."

"Upya wote?"

"Upya wote. Karibu chuoni."

Anakaa mpaka saa moja na dakika ishirini. Kabla ya kuondoka amewasaidia watu wanne, na Mwalimu Bloom amemwandikia mahudhurio kamili.

*

Kilichobaki sasa ni tarehe, na Renae amezipanga kama anavyopanga zamu. Muhula wa chuo cha jamii unaisha tarehe 9 Mei. Chuo kikuu kinafunga orodha ya wahitimu tarehe 16 Mei. Katika siku saba hizo, alama ya maabara lazima iingizwe na mwalimu, ithibitishwe na ofisi, itumwe, ipokelewe, isomwe, na mistari iliyobaki igeuke kijani. Ikichelewa kwa siku moja, kuhitimu kunasogea hadi Agosti. Maombi ya kazi yanafungwa tarehe 30 Juni. Manispaa imeshasema haitapokea barua ya kuthibitisha kwamba mtu "yuko karibu kuhitimu".

Mwalimu Bloom ameahidi kuingiza alama jioni ya mtihani. Tobias ameweka jina la Renae kwenye kalenda yake kwa siku zote saba. Ofisi ya kumbukumbu ya chuo cha jamii inasema kwa kawaida hutuma karatasi "ndani ya siku tano hadi saba za kazi". Renae aliuliza kama Jumamosi ni siku ya kazi. Si siku ya kazi. Siku saba za kazi kutoka tarehe 9 zinaangukia tarehe 20.

"Kwa hiyo nitakwenda mwenyewe," anasema. "Nimeomba likizo ya Jumatatu tarehe 12. Nitafika pale wakifungua mlango, nitasubiri bahasha ifungwe kwa lakiri, niendeshe saa moja na nusu mpaka chuo kikuu, niiweke mkononi kwa Tobias. Nimeuliza kama inaruhusiwa. Wameniambia hakuna sheria inayokataza. Nikawaambia waniandikie hivyo hivyo, na waliotia saini ni wawili."

Barua hiyo ameibandika ndani ya mlango wa kabati, pale ilipokuwa karatasi ya 2016.

Akiulizwa kama akifanikiwa atafurahi, anavua miwani ya kusomea na kuiweka juu ya daftari.

"Sijui. Kuna mambo niliyafurahia. Sheria za mito nimezifurahia, nimejifunza kitu. Lakini nimeulizwa sana ninajua nini na watu wasiotaka kusikia jibu. Hilo linachosha kuliko mafuriko. Mafuriko hayakuombi fomu."

Mpango wake wa siku ya kwanza katika kiti cha msimamizi ameshauandika. Uko kwenye daftari la zamu, ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko ule ule wa namba za shabu. Ni pendekezo kwa manispaa la kubadilisha sentensi moja katika tangazo la kazi hiyo, isomeke: shahada ya kwanza, au leseni ya daraja la nne pamoja na miaka kumi mtamboni.

Anamsomea Duane. Duane anasikiliza mpaka mwisho, kisha anajinyoosha kwenye kiti kwa majivuno.

"Vizuri sana, Profesa. Kwa hiyo ukistaafu wewe, mimi naingia moja kwa moja."

"Una miaka thelathini na moja mtamboni, mzee Duane. Hiyo sawa," Renae anasema, akifunga daftari. "Leseni yako ni ya daraja la tatu."

"Aa, Renae! Daraja la tatu na la nne si kitu kile kile tu?"

"Mtihani unafanyika kila mwezi wa nne. Usajili unafungwa Ijumaa." Anamsukumia fomu juu ya meza, tayari ameijaza jina. "Na uangalie vizuri unaipeleka ofisi gani."